Kabla Sijang'oa Dashibodi ya Guka

Wasee, leo siongei kuhusu ushuru wala matatu. Leo ni dashibodi. Najua kuna wenye wameshaanza kupita, lakini tulieni kidogo. Hii dashibodi karibu inikosanishe na guka wangu kabisa, na nilipoanza kuifuatilia nikapata historia inayoanzia kwa farasi na kufika hadi kwa kidevu cha guka mwenyewe.

Guka ana Datsun 240Z ya mwaka wa 1972. Iko Thika, nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati. Hilo paa lilijengwa miaka mingi baada ya gari kufika hapo, na mkumbuke hilo kwa sababu nitalirudia. Aliipata 1986. Alikuwa fundi kwa gereji moja Industrial Area, mwenye gereji akaishiwa, mafundi wakadai mishahara ya miezi kadhaa, na guka akalipwa nusu pesa, nusu gari. Shosho hajawahi kusahau hiyo nusu ya pesa ilikuwa ndogo kiasi gani. Mpaka leo akitaka kumchokoza guka humuuliza kama gari inaweza kuwekwa kwa sufuria.

Kwa wale hamjui, 240Z ni gari ya spoti ya Nissan, enzi zile walikuwa wanauza magari yao huku nje kwa jina la Datsun. Ilitoka 1969. Kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa mkubwa wa Nissan kule Marekani, aliona hilo jina halitauza gari kwa Wamarekani, na inasimuliwa kwamba magari ya kwanza yalipofika alitoa ile nembo ya Fairlady akaweka ya 240Z. Hiyo 240 ni ya injini: lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Bei Marekani ilianza kwa dola 3,526, na kwa hizo pesa ulipata gari ambayo ingekimbizana na magari ya Ulaya yenye bei ya juu zaidi.

Lakini huku kwetu watu hawakuijua kwa bei. Waliijua kwa matope. Mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa kwa 240Z. Namba mbili alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia kwa 240Z. Halafu 1973, Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaja akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z, na alimaliza akiwa sare kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwa Datsun nyingine. Sare! Baada ya siku hizo zote za vumbi na mito iliyofurika. Mehta alikuja kuishinda Safari mara nne zingine mfululizo, 1979 hadi 1982, na bado ukiuliza vijana wa rika langu jina lake wanakuangalia tu. Ile 240Z iliyoshinda 1971 iko Japani, kwa hifadhi ya magari ya Nissan pale Zama.

Guka aliiona hiyo ya 1971 ikipita. Ilikuwa Pasaka, vile Safari ilikuwa siku hizo, na yeye alikuwa kijana wa miaka 21 anayejifunza kazi ya ufundi. Gari nyekundu, boneti nyeusi, na anasema ilipita haraka hadi kitu alichobaki nacho ni sauti na matope kwa shati. Kwa hivyo mkubwa wake alipomwambia miaka kumi na tano baadaye kwamba pesa hakuna, lakini kuna 240Z imekaa huko nyuma, mnaweza kuelewa kwa nini hakubishana sana. Shosho ndiye haelewi, na sidhani ataelewa.

Sasa, dashibodi.

Ukikaa ndani ya 240Z, mbele yako kuna spidomita na kipimo cha mizunguko ya injini, kila moja imezama ndani ya shimo lake. Katikati kuna geji tatu ndogo zimemgeukia dereva: moja ya joto na presha ya oili, moja ya chaji na mafuta, na saa. Hiyo yote imebebwa na kipande kimoja kirefu cheusi kutoka mlango mpaka mlango. Chini ni fremu ya chuma, juu yake sponji nzito, juu ya sponji ngozi ya plastiki aina ya vinaili. Ni sura safi sana. Shida ni kwamba ya guka ilikuwa imepasuka. Nilihesabu nyufa saba. Moja ilianzia karibu na kioo cha mbele ikashuka mpaka kati ya zile geji, na ungeweza kuingiza kidole ndani ukatoa sponji ya njano inayovunjika kama mkate uliokauka.

Mimi natengeneza video, mnanijua. Nikaona hapa kuna kazi nzuri: tunang'oa hii takataka, tunaweka dashibodi mpya, kabla na baada, watu wanapagawa. Kuna fundi wa fiba mtaani kwetu ambaye anatengeneza bampa na vipande vya matatu. Akaniambia atachukua umbo la ile ya zamani, atengeneze ya fiba, aipige rangi nyeusi inayong'aa na kamstari kekundu. Elfu ishirini na tano, wiki moja. Akanionyesha picha ya kazi yake nyingine. Manze, ilikuwa safi. Nikampigia guka nikiwa nimechangamka.

Guka akasema hapana.

Nikadhani ni mambo ya pesa, nikamwambia nalipa mimi. Akasema hapana. Nikaenda Thika Jumamosi kumshawishi ana kwa ana.

"Guka, hii ni fiba. Haiwezi kupasuka tena."

"Ndiyo nakataa," akasema. "Ikikataa kupasuka, nitapasuka mimi."

Halafu akainua kidevu, akashika mkono wangu, akaweka kidole changu chini ya mdomo wake. Kuna kovu hapo, nene, limejificha kwa ndevu nyeupe. Nimelijua hilo kovu maisha yangu yote na sijawahi kuuliza. Akaniambia ni la 1969. Alikuwa amebebwa na mtu kwa pikapu ya zamani, wakitoka Thika kwenda Nairobi, mkokoteni wa punda ukaingia barabarani, dereva akakanyaga breki. Hawakuwa wanakimbia. Hawakugonga hata huyo punda. Lakini dashibodi ya hiyo pikapu ilikuwa chuma tupu kilichopakwa rangi, na kwa hicho chuma kulikuwa na kitasa cha kuvuta kilichojitokeza kama kidole. Kikaingia kwa kidevu. Meno mawili yakabaki sakafuni. Dereva alishuka akaanza kugombana na mwenye punda, na guka ameketi tu, anatafuta meno.

Nikarudi Nairobi nimenyamaza. Usiku huo ndio nilianza kusoma.

Hilo neno dashibodi ni la zamani kuliko magari ya injini. Kwa magari ya farasi, ulikuwa ubao uliowekwa mbele ya miguu ya mwendeshaji ili matope na mawe yanayorushwa na kwato yasimpige. Yaani kazi yake ya kwanza ilikuwa kumkinga mtu. Injini zikaja, farasi akaondoka, ubao ukabaki. Watu wakaanza kubandika vipimo hapo kwa sababu ndipo macho yalikuwa. Baadaye magari yakaanza kutengenezwa kwa mabati ya chuma yaliyofinyangwa kwa mashine, na ubao nao ukawa chuma, na vitasa, na swichi, na kona kali. Kitu cha kukinga miguu isipate matope kikawa kitu cha kuvunja uso.

Na si ati hakuna aliyeona. Huko Detroit, mji wenyewe wa magari, kulikuwa na daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura aliyeitwa Claire Straith. Miaka ya 1930 alikuwa anashona nyuso za watu waliotupwa kwa dashibodi, hasa abiria wa kiti cha mbele, ambao hawana usukani wa kushika. Alichoka. Akaweka mito ya kukinga kwa dashibodi za magari yake mwenyewe na akaanza kuwasumbua watengenezaji waondoe vitasa vilivyojitokeza na waweke kitu laini. Fikiria hiyo kazi: unashona watu mchana, jioni unaandikia barua kampuni zinazokuletea wagonjwa.

Miaka ikaenda. Mwaka wa 1956 Ford wakatoa magari yenye mambo ya usalama, na dashibodi yenye sponji ilikuwa kati ya vitu ambavyo mteja angeweza kuongeza kwa kulipia. Mwaka huo Chevrolet wakauza zaidi, na watu wa hiyo biashara wakajipa somo kwamba usalama hauuzi gari. Mimi naona hilo somo lilikuwa la uvivu, lakini lilikaa karibu miaka kumi. Halafu 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu chake, Unsafe at Any Speed. Wengi wanakumbuka tu sehemu ya Chevrolet Corvair. Lakini ndani yake kuna sura nzima kuhusu mgongano wa pili: gari inagonga kitu, halafu wewe unagonga gari kwa ndani. Huo wa pili ndio ulimpata guka, na yeye hata hakuwa na huo wa kwanza.

Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari, na kutoka Januari 1968 kukawa na kanuni namba 201, inayohusu mtu kugonga sehemu za ndani ya gari. Kipimo chake ni hivi. Wanachukua kichwa cha bandia, wanakirusha kwa dashibodi kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa hivi. Hicho kichwa kinaruhusiwa kupunguza mwendo, lakini nguvu ya kukisimamisha isizidi mara 80 ya uzito wake kwa zaidi ya milisekunde tatu mfululizo. Milisekunde tatu! Chuma hakiwezi kupita huo mtihani, kwa sababu chuma kinasimamisha kichwa papo hapo. Sponji inanunua muda.

Sasa angalia tarehe. Kanuni imeanza 1968. 240Z imetoka 1969, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Kwa hivyo ile sponji niliyokuwa naiita takataka ilikuwa jibu la Japani kwa sheria ambayo watu walikuwa wameidai kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyinyi mlio na umri wa kukumbuka, au mmesimuliwa, fikirieni zile sheria za Michuki za 2004, mikanda kwa matatu na vidhibiti mwendo. Watu walilalamika aje? Na leo ukiingia matatu yenye mkanda uliooza unakasirika.

Lakini kuna sehemu iliyonishangaza zaidi. Waingereza walikuwa na MGB, gari ndogo ya spoti, iliyotengenezwa kwa kiwanda cha mji wa Abingdon. Dashibodi yake ilikuwa ya chuma. Kanuni ilipofika, magari yaliyokuwa yanaenda Marekani yakawekewa dashibodi nene iliyofura, mpaka mahali pa kuweka vitu mbele ya abiria pakapotea. Wenye magari wakaibatiza jina: mto wa Abingdon. Mto wa kulalia, eeh. Waliicheka tangu siku ya kwanza. Na mpaka leo kuna wapenzi wa MGB Marekani wanaong'oa huo mto na kuweka dashibodi ya chuma ya magari ya Uingereza, kwa sababu ndiyo ya kweli, ndiyo nzuri. Jaguar E-Type nayo ilikuwa na msururu wa swichi ndogo zilizochomoza kama vijiti. Zikabadilishwa zikawa za kubonyeza zilizolala, na watu wanazililia zile za kwanza mpaka kesho.

Sisemi ni wajinga. Nimeziona picha za hizo swichi, ni tamu. MGB ya 1965 ilizaliwa na chuma na ibaki na chuma, hiyo ni historia yake. Lakini gari iliyozaliwa na sponji kwa sababu watu walikufa, halafu wewe mwaka huu unaiondoa ndiyo picha itoke vizuri? Mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo. Fiba inayong'aa, kamstari kekundu. Guka alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kamera.

Kwa hivyo nikabaki na swali la fundi: sponji yenye miaka hamsini inatengenezwaje?

Kwanza ujue kwa nini inapasuka. Vinaili peke yake ni plastiki ngumu. Inalainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalum, na hayo mafuta hayakai milele. Joto linayatoa pole pole. Ule ukungu unaoona kwa kioo cha gari ikikaa juani siku nyingi, mwingine ni hayo mafuta. Ngozi ikikauka inataka kujikunja, lakini imegandishwa kwa sponji, na sponji nayo inakuwa ngumu. Kitu lazima kiachie. Kioo cha 240Z kimelala sana, jua linaingia moja kwa moja. Ongeza kwamba Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu miale ya jua inauma zaidi. Halafu rudi kwa lile paa la mabati. Gari ilifika 1986. Paa lilijengwa 1998. Miaka kumi na miwili gari ilikuwa imeangalia mashariki bila hata turubai. Nilipomwambia guka hiyo hesabu alinyamaza, shosho akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa ameomba hilo paa tangu mwaka wa kwanza.

Njia za kutengeneza si nyingi. Kuna kifuniko cha plastiki nyembamba unachogundisha juu ya ile ya zamani. Ni rahisi na ya bei nafuu, na ukikaa ndani unaona kabisa ni kofia. Kuna kuagiza mpya iliyotengenezwa upya huko nje. Hapo kuna shida watu wa kwetu tunaijua: sehemu kubwa sana ya 240Z zilienda Marekani, kwa hivyo dashibodi nyingi zinazotengenezwa ni za usukani wa kushoto. Za kulia zipo, lakini ukiweka na usafiri na ushuru, nilipata hesabu iliyozidi bei ya kompyuta yangu na kamera yangu pamoja. Kuna kuituma kwa wataalamu wa nje, ambao wanaivua ngozi yote, wanajaza sponji, halafu wanapasha vinaili mpya joto na kuivuta kwa pampu ya hewa ishike kila kona. Hiyo ndiyo inakaribia ya kiwandani. Na kuna kutengeneza kwa mkono.

Kuna pia kuiacha. Msidharau hiyo. Januari 2020 kuna 240Z ya 1970 iliyouzwa Marekani kwa mnada wa mtandaoni dola 310,000, na kilichowafanya watu wapandishe hivyo ni kwamba ilikuwa imekaa karibu vile ilitoka kiwandani. Lakini ya guka si hiyo. Ya guka imebeba viazi.

Tukachagua mkono. Wikendi mbili.

Kama una gari ya aina hii, sikiza hapa. Toa waya wa betri kwanza, kabla hujagusa kitu. Usukani unatoka, vifuniko vya mhimili wake vinatoka, kisha mhimili wenyewe unalegezwa ushuke kidogo. Vifundo vya hita, redio, kisanduku cha abiria. Kamba ya spidomita inafunguliwa kwa mkono kutoka nyuma, na mkono wako hautatosha, utajikwaruza, zoea. Kila waya ubandikie karatasi uandike ulikotoka. Usiamini kichwa chako, na usiamini picha za simu peke yake, kwa sababu picha hamsini za waya wa rangi moja hazikusaidii. Plastiki za soketi zimekauka, ukivuta kwa nguvu zinavunjika. Tulivunja mbili.

Dashibodi ilipotoka tukaona vumbi jekundu limelala pale ndani kama unga. Na katikati ya vumbi nikaona waya wa taa umekatwa, ukaungwa na waya wa rangi nyingine kabisa, ukazungushiwa tepu ya kahawia ya kufungia maboksi. Nikapiga kelele: "Ni fundi gani huyu alifanya huu upuzi?" Guka akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi. Nikarudia swali. Akasema taratibu kwamba ilikuwa 1991, usiku, mvua, na shosho alikuwa na uchungu wa kujifungua mamangu mdogo. Tepu ndiyo ilikuwepo. Nikaiunga vizuri, sikusema kitu kingine.

Nyufa tulizipanua kidogo kwa kisu, zikawa na umbo la herufi V, ili kijazio kishike. Tukajaza aina inayobaki na ulaini ikikauka, si ile ya kurekebisha bodi ya gari, kwa sababu hiyo ni ngumu kama jiwe na ufa utarudi kando yake. Fundi wa viti tuliyemwita alitaka kutoa sponji yote aweke ya godoro. Guka akamweleza vizuri, na hapa nilijifunza: sponji ya godoro ni laini kupita kiasi. Uso unaipitia kama haipo na kugonga chuma kilicho nyuma. Inayotakiwa ni ile inayobondeka kwa shida. Kwa hivyo ya zamani ikabaki kila mahali ilipokuwa nzima. Nakubali kwamba hata hiyo haiwezi kuwa vile ilikuwa 1972, imezeeka, na hakuna mtu amerusha kichwa cha bandia kwa dashibodi ya guka. Mkanda tunafunga.

Ngozi mpya ilitushinda mara ya kwanza. Vinaili ukiipasha joto inavutika, lakini yale mashimo mawili ya spidomita na mwenzake yanapinda pande mbili kwa wakati mmoja, na kila tulipovuta hapa ilikunjamana pale. Tukaharibu mita mbili. Mara ya pili fundi wa viti akasema bila mshono haiendi. Akashona, mshono mmoja, unapita juu ya geji. Ya kiwandani haikuwa na mshono. Mtu anayejua 240Z ataiona kabla hajafunga mlango, na mimi nikaanza kuomboleza hapo hapo, nikafikiria jinsi wajuaji watakavyonishukia. Guka akaupitisha kidole huo mshono na kusema ni kazi nzuri kuliko tepu ya maboksi.

Jumapili jioni tukarudisha kila kitu. Taa zikawaka, mafuta yakasoma, chaji ikasoma. Saa haikutembea. Saa za 240Z zinajulikana kwa kufa, hilo si kosa letu, na kuna watu wanazibadilisha mitambo wanaweka ya kisasa. Nikamwambia guka naweza kumtafutia. Akasema hiyo saa ilikuwa imekufa akipewa gari, na kwamba yeye ana saa mkononi.

Shosho akatoka jikoni kuona. Hajakaa kwa hiyo gari muda mrefu, magoti yanamsumbua na kiti kiko chini. Tulimshika mkono huku na huku akaingia upande wa abiria. Akafunga mkanda. Akabonyeza dashibodi kwa kidole gumba mara mbili tatu, vile anabonyeza parachichi sokoni, halafu akasema mkate umeisha, twende tununue. Tukaenda mjini Thika wawili wao mbele na mimi nimebaki langoni, kwa sababu 240Z ina viti viwili tu. Nilikuwa nimesahau kuwasha kamera.

Eeh, nimeandika "tukaenda". Walienda. Mimi nilibaki nikifagia vumbi.